Deni lililofichwa nyumbani (2 Wafalme 4:1-7)



Hapa Pweto baba anakopa nyavu na unga. Samaki wa ziwa Moero wanakuwa mali ya mdai kabla hawajavuliwa. Anakuja kuombewa deni liondoke, lakini bibi yake hajaambiwa! Nasi tulifanya vile. Tulikopa minervali ya watoto, tukakopa tena kulipa deni la kwanza, riba ikazaa, tukanyamaza.

Nabii Elisha hakumpa yule mjane pesa. Alimuuliza yuko na nini nyumbani. Mjane akafunga mlango, na watoto, walewale mdai alitaka kuwafanya watumwa, wakamletea vyombo. Mafuta yakauzwa: kwanza deni, kisha chakula.

Basi baba, leo, mbele ya maombi ya usiku, umwambie mama wa watoto hesabu yote.