Kufuli na Mwizi

Tumeulizwa katika baraza yetu: mtu amenunua santuri ya sinema, ile iitwayo DVD, kwa fedha yake ya halali. Achelea isije ikakwaruzika, naye ataka kuinakili katika kompyuta yake. Je, atakuwa ametenda kosa? Wako waliojibu upesi, "Mali ni yake, na aifanye atakavyo." Na wako waliosema, "Sheria yakataza, basi huyo ni mwizi." Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimehukumu kabla ya kutazama.

Na tulitazame kwanza kufuli lenyewe. Santuri hizi zilipoanza kuuzwa, Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, wenye sinema walizifunga kwa maandishi ya siri yasiyosomeka ila kwa chombo kilichopewa ufunguo kwa idhini. Kisha mwaka 1998 Marekani ikatunga sheria iliyofanya kule kulifungua kufuli bila ya idhini kuwa kosa, na kuuza chombo cha kulifungulia kuwa kosa vilevile. Ndipo mwaka 2009 jaji mmoja wa California alipoizuia kampuni ya RealNetworks kuuza programu ya kuweka DVD katika kompyuta. Ajabu ni kuwa jaji yule alikiri kwamba huenda mwenye santuri akawa na haki ya kujiwekea nakala. Lakini chombo cha kuifanyia, sheria imekipiga marufuku. Basi haki yaweza kuwapo, na njia ya kuifikia imezibwa.

Norwei ilihukumiwa vingine. Mwaka 1999 ilisambazwa programu ya kulifungua kufuli hilo, na mmoja wa walioitengeneza alikuwa Jon Lech Johansen, kijana wa miaka 15. Alishitakiwa, na mahkama ya Oslo ikamwachilia Januari 2003. Mahkama ya rufani nayo ikaithibitisha hukumu hiyo Desemba mwaka ule ule. Hoja ilikuwa nyepesi: aliyenunua santuri kwa halali hawezi kutiwa hatiani kwa kukifikia alichokilipia.

Tutaambiwa: mnunuzi hakununua sinema, alinunua santuri tu. Ni kweli, na ndiyo sababu hana ruhusa ya kuuza nakala wala kuzigawa. Lakini na mpangaji hakuinunua nyumba, naye bawabu hana haki ya kumfungia nje ilhali kodi ameilipa. Kufuli ni mlinzi wa haki, wala si haki yenyewe. Likimzuia mwizi, limefanya kazi yake. Likimzuia aliyelipa asihifadhi alicholipia, limepita mpaka.

Hata hivyo tusijipe udhuru. Ajiwekeaye nakala kisha akaiuza santuri, amelipa mara moja na kufaidi mara mbili. Aazimaye santuri ya jirani akainakili, jirani hakupungukiwa, lakini waliofanya kazi ya sinema ile wamekoseshwa ujira wao. Nakala na iifuate santuri kama kivuli kimfuatavyo mtu: santuri ikitoka mkononi kwa kuuzwa au kutolewa, nakala nayo na ifutwe. Jambo hili hakuna askari awezaye kulisimamia. Lasimamiwa na dhamiri ya mtu akiwa peke yake chumbani.

Basi jibu letu ni hili. Anayenakili santuri yake kwa kuihifadhi si mwizi, ijapokuwa katika nchi ikatazayo amevunja sheria. Na hayo ni mambo mawili. Aionaye sheria hiyo kuwa ni dhuluma na aseme waziwazi ibadilishwe, wala asiifanye kisingizio cha kula jasho la watu. Nao watunga sheria na wazingatie: sheria ikimwita mwizi asiyeiba, mwizi wa kweli hupata mahali pa kujificha.

Hayo ndiyo tuyaonayo. Mwenye kuona vingine na atuandikie, kwa hoja.