Mfalme Mwenye Dhamiri Mbili



Tunapopita Whitehall kwa basi, wengi wetu hatukumbuki kwamba nje ya jengo la Banqueting House, tarehe 30 Januari 1649, Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa. Tumezoea kusema vita ndivyo vilivyomwangusha. Aligombana na Bunge juu ya kodi na mamlaka, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza mwaka 1642, akashindwa. Ni kweli. Lakini siku ya kufa kwake, yeye mwenyewe alikumbuka kosa la kabla ya vita.

Mwaka 1641 Bunge lilitaka Strafford, mtumishi wake mkuu, auawe. Mfalme alikuwa amemwahidi kwa barua kwamba hatapoteza uhai wake. Kesi ilipokwama, Bunge likapitisha sheria ya kumwua. Umati ukajaa nje ya ikulu, mfalme akahofia mke na watoto. Strafford mwenyewe akaandika kumfungua na ahadi ile. Askofu mmoja akamwambia kwamba mfalme ana dhamiri mbili, ya mtu binafsi na ya mtawala. Askofu Juxon akamshauri asitende kinyume cha dhamiri yake. Mfalme akatia sahihi. Mwaka uliofuata vita vikaja vilevile.

Je, tumlaumu? Nani kati yetu haijui hofu ya mzazi? Tumewahi kunyamaza mwenzetu akisingiziwa kazini, tukajisemea moyoni: "Nina watoto, na makaratasi yangu bado." Hofu hiyo ni ya kweli, wala hatuidharau. Lakini kusema "niliogopa" ni kitu kimoja, na kusema "nilitenda haki" ni kingine. Strafford aliweza kumsamehe mfalme ahadi. Hakuweza kuifanya hukumu aliyoiona mfalme kuwa ya dhuluma iwe ya haki.

Akiwa jukwaani, Juxon kando yake, Charles alikiri kwamba hukumu isiyo ya haki aliyoiruhusu impate mwingine sasa inaadhibiwa kwa hukumu isiyo ya haki juu yake. Maneno mazuri, ila yalichelewa karibu miaka minane, na Strafford hakuyasikia.

Sisi bado tuna nafasi. Yule tuliyemnyamazia yu hai, na namba yake tunayo. Tumpigie wiki hii.