Je, Mtoto Mwepesi Hudhulumiwa Akisomeshwa Pamoja na Mzito?

Molo ni mji wa bara, katika Kaunti ya Nakuru, wenye baridi na mashamba ya viazi. Wenyeji wake ni wa makabila mengi, na watoto wao wa miaka minne na mitano hukutana katika madarasa ya awali. Swali letu ni hili: je, yafaa asiyeona, au asiyesikia, au aliye mzito wa kufahamu, awekwe kundi moja na wenziwe wepesi? Wako wazazi wasemao kuwa hivyo ni kumdhulumu mwepesi, kwani hungojeshwa. Hoja hii yataka kupimwa kwa insafu.

Sheria imekwisha kusema lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kusoma katika skuli zisizomtenga na jamii, kwa kadiri ya maslahi yake. Mtaala ulioanza mwaka 2019 nao umeuhesabu ushirikiano kuwa miongoni mwa mambo ya kufunzwa mtoto.

Nasi twasema kwamba kungoja si hasara daima. Vyuoni mwetu pwani, aliyetangulia humsomesha aliye nyuma, na kwa kumsomesha hulithibitisha somo lake mwenyewe. Dhuluma huingia pale watoto waketishwapo pamoja, kisha mmoja akafanya kazi yote na mlemavu akawa mtazamaji. Hapo wameonewa wote wawili. Kundi la haki ni lile ambalo kazi haitimii mpaka kila mmoja atoe sehemu yake: asiyeona ahesabu mbegu kwa vidole, wa pili azipange, wa tatu aeleze. Na hili halipatikani ila kwa mwalimu aliyefunzwa, asiyelemewa na wingi wa watoto.

Anayeliona jambo hili dogo na akumbuke yaliyopita Molo. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waligeukiana, nyumba zikachomwa, watoto wakalala kambini. Waliofukuzana walikuwa wakijuana sokoni na mashambani, na kujuana huko hakukuwazuia. Hatudai kwamba darasa peke yake lingaliizuia fitina ya wakubwa. Lakini mtoto asiyezoea kumhitaji mwenziwe aliye mbali naye kwa lugha au kwa kiungo, atazoea lini?

Basi yatupasa wazazi kuzidai kaunti, ambazo ndizo zenye dhamana ya madarasa ya awali, zitoe walimu wa kutosha. Na mtoto arudipo nyumbani, tusimuulize tu amekuwa wa ngapi. Tumuulize pia amemsaidia nani, na nani amemsaidia yeye.