Deni la Ziwa



Kila asubuhi katika soko la Kadutu akina mama hupanga sambaza wao kwa mafungu, na mnunuzi hupima kwa macho kabla ya kutoa franka zake. Hakuna anayeuliza samaki yule ni wa nani. Ni wa yule mama mpaka nimlipe, kisha ni wangu. Jambo ni wazi. Lakini turudi nyuma hatua moja: kabla samaki hajaingia wavuni, alikuwa wa nani? Tena turudi hatua ya pili: alipokuwa bado yai kando ya ziwa, alikuwa wa nani?

Swali hili si mchezo wa wasomi. Siku hizi katika nchi nyingi wako watu wanaojitolea bila mshahara kurudisha samaki waliopungua katika maji yao. Wengine wanawasifu kuwa watu wa huruma; wengine wanawacheka kuwa watu wasio na kazi. Mimi nauliza hivi: watu hao wanatoa sadaka, au wanalipa deni? Maana tofauti ni kubwa. Asiyetoa sadaka amekosa upendo. Asiyelipa deni anashika mali ya mwenzake.

Kwanza tulitazame ziwa letu. Kivu liko juu, kiasi cha mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kilindi chake chafika mita 485. Mtu akilitazama kutoka Ibanda, adhani lina samaki bila hesabu. Kumbe sivyo. Kutoka mita 70 hivi kwenda chini maji yake hayana hewa ya kumfaa samaki, yamejaa gesi. Samaki wote huishi katika tabaka la juu, na wengi huzaa karibu na pwani, penye maji mafupi, mchanga na majani. Basi mlango wa uzazi wa ziwa hili kubwa ni ukanda mwembamba tu. Na ukanda huo huo ndio tunapofulia nguo, tunapochota mchanga, tunapokokota nyavu, na ndipo mto Kawa unapomwaga takataka za mji.

Aina za samaki wa Kivu ni chache, kama 30 tu, tukizilinganisha na mamia ya aina za Tanganyika. Lakini kati ya hizo chache, kama 15 ni za samaki wadogo ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mungu aliwaumba, na makao yao ni haya tu. Wengi wao, pamoja na tilapia wa asili, wana desturi ya ajabu: mama hubeba mayai yake kinywani mpaka yaanguliwe, na watoto wakiogopa hukimbilia tena kinywani mwake. Anayemkamata mama huyo majira ya kuzaa amekamata ukoo mzima.

Na sambaza? Yeye ni mgeni. Wabelgiji walimleta kutoka Tanganyika mwaka 1959, kwa sababu katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya majini. Amestawi na kulisha maelfu ya watu, na kila usiku tunaona taa za wavuvi wake. Lakini hata ugeni huo ulikuwa na gharama yake: kijidudu kimoja cha majini kiitwacho Dafnia, kilichokuwa chakula kizuri cha samaki, kilitoweka baadaye. Mtu hupanga jambo moja, na ziwa hujibu mambo mawili.

Sasa tutazame majirani. Katika ziwa Viktoria yuko samaki aitwaye ningu. Desturi yake ilikuwa kama ya samoni wa Ulaya: mvua zikianza na mito ikijaa, alitoka ziwani akapanda mto, Kagera, Nzoia, Yala, kwenda kuzaa katika maji ya mafuriko. Wavuvi walijua majira yake. Wakatega nyavu nyingi midomoni mwa mito, wakamkamata mama mwenye mayai tumboni kabla hajafika alikokuwa akienda. Kila mmoja alipata kapu zito jioni ile. Katika miaka ya 1950 na 1960 uvuvi huo ukaanguka. Baadaye wataalamu wa Uganda walifaulu kumzalisha ningu mabwawani, lakini kumzalisha bwawani si sawa na kuuona mto umejaa tena.

Na mbali kabisa, mpakani mwa Kanada na Marekani, liko ziwa Ontario. Zamani lilikuwa na samoni wengi sana. Watu wakakata misitu, wakaziba mito kwa ajili ya vinu vyao, na kabla ya mwaka 1900 samoni wa ziwa lile walikuwa wamekwisha. Tangu mwaka 2006 watu wengi wa jimbo la Ontario wamejiunga katika kazi ya kuwarudisha. Watoto wa shule hutunza mayai darasani mpaka yaanguliwe. Wazee hupanda miti kando ya vijito ili maji yabaki baridi na safi. Kazi bado ni ndefu, na wengi wao huenda wasione mwisho wake. Tena si wao walioziba mito ile. Walioziba wamekufa zamani.

Basi hapa ndipo shida ya swali letu. Mtu atasema: “Padri alitufundisha Amri ya Saba. Usiibe. Aliyeiba na arudishe. Lakini mimi nimeiba nini? Samaki wa ziwani hana mwenyewe. Ni wa yule anayemkamata.”

Maneno haya yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Samaki mzima anayeogelea ni wa anayemkamata kwa haki, sawa. Lakini tufikiri juu ya maharage. Mwaka mzima jamaa hula maharage ya ghalani, na hakuna anayewalaumu. Lakini likibaki debe moja la mbegu, na baba mmoja akalichukua usiku akalipika, je, amekula maharage tu? Hapana, amekula na shamba la mwaka ujao. Amekula chakula cha mtoto aliye tumboni mwa mkewe. Ndivyo yalivyo mazalio ya samaki. Samaki ni mavuno, mazalio ni mbegu. Mavuno ni ya anayevuna, lakini mbegu ni ya wote, hata ya wale wasiozaliwa bado. Ndiyo maana wazee walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Torati yenyewe yatufundisha hivyo. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anamwagiza mtu akutaye kiota njiani: makinda anaweza kuyatwaa, lakini asimtwae mama pamoja nayo, amwache aende. Amri ndogo kabisa, juu ya ndege tu! Lakini imefungwa na ahadi ya siku nyingi, kama ile amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mungu hakumkataza mtu kula. Alimkataza kukata mzizi wa kile anachokula. Na marehemu Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, alifundisha kwamba kuwafikiria watakaokuja baada yetu ni jambo la haki, si hiari ya watu wema tu.

Kwa hiyo nasema: ni deni. Lakini tusiharakishe, maana hapa watu wengi wa kujitolea hupotea njia.

Tumfikirie mvuvi mmoja. Hana shamba. Ana watoto watano. Chandarua alichopewa kwa ajili ya mbu amekishona kuwa wavu, na usiku huukokota pwani pamoja na mkewe, akatoa vifaranga vya samaki, vidogo kama misumari. Siku moja vijana wa kujitolea wanafika. Wanachukua wavu ule, wanauchoma moto mbele ya mkewe, wanarudi mjini wakisema wameokoa ziwa. Je, wametenda haki?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba katika shida ya kupita kiasi mali huwa za wote, na mtu anayetwaa kinachohitajika kuokoa uhai wake hahesabiwi mwizi. Basi mvuvi yule, kama kweli watoto wake wanalala na njaa, tusimwite mwizi kwa haraka. Lakini wanateolojia walifundisha pia kwamba shida yangu hainipi ruhusa ya kumnyang’anya mwenzangu aliye katika shida ile ile. Na ni nani atakayekosa samaki baada ya miaka michache? Si tajiri wa mjini, ambaye atanunua samaki waliotoka mbali katika barafu. Ni mtoto wa jirani yake, na mtoto wake mwenyewe. Kwa hiyo njaa humwondolea mvuvi lawama nyingi, lakini haiondoi hasara. Hasara ipo, na lazima mtu ailipe. Nani?

Walipe kwanza wale wasioweza kusingizia njaa: mfanyabiashara auzaye nyavu za matundu madogo akijua kazi yake, mkubwa apokeaye kitu kidogo ili asione, mwenye nyumba aliyeelekeza choo chake mtoni. Na sisi sote tulionunua vifaranga kwa sababu vilikuwa rahisi, tukawala, tukajifuta mikono. Sisi hatukuvuta wavu, lakini franka zetu ziliuvuta.

Huenda mtu akauliza tena: “Tutamlipa nani, ikiwa mdai wetu hajazaliwa?” Swali zuri, na Kanisa lina jibu la zamani. Mtu aliyeiba, kisha asijue amwibie nani, au asiweze kumpata, hawezi kukaa na mali ile akitulia. Mafundisho ya maadili humwagiza awape maskini. Basi, wapendwa, tazameni linalofuata. Wanaodai samaki wa kesho hawajulikani. Tuwalipe kwa njia mbili pamoja: kwa kuyaponya mazalio yenyewe, na kwa kuwasaidia maskini wa leo walio karibu na ziwa. Anayeponya mazalio huku akimwacha mvuvi na njaa amelipa nusu ya deni, na nusu ile ameitoa mfukoni mwa maskini. Ndiyo sababu nasema kuchoma wavu bila kuleta mkate si haki bado. Vijana wale wangeenda kwanza kuketi na mvuvi, kumtafutia wavu wa matundu halali, kumwombea nafasi katika ushirika wa wavuvi, kugawana naye chakula katika miezi ya kupumzisha ziwa. Kisha, akirudia kwa ukaidi, sheria ifanye kazi yake. Upande wa Rwanda uvuvi wa sambaza hufungwa kila mwaka kwa miezi miwili hivi. Ni jambo jema. Lakini miezi miwili ni mirefu kwa nyumba isiyo na akiba, na parokia isiyoikumbuka nyumba hiyo haina ruhusa ya kumhubiria mwenyewe habari za vifaranga.

Lipo neno la mwisho la wapinzani: “Tunaye sambaza. Ya nini kuwarudisha wale wadogo wa asili, wasiojaza sufuria?” Sambaza tunamshukuru. Mgeni aliyeleta chakula huheshimiwa. Lakini hatumfukuzi mwenye nyumba kwa sababu mgeni ni hodari. Tena sambaza tulimpata kutoka ziwa jingine. Akipungua, huenda tukamleta tena. Wale wadogo wa Kivu wakitoweka, hakuna ziwa la kuwaomba. Mwanadamu anaweza kuhamisha samaki, hawezi kuumba hata mmoja. Kitu ambacho siwezi kukirudisha, sina haki ya kukimaliza.

Basi kazi ya kujitolea ni ipi? Ni deni, lakini tulilipe kwa moyo wa sadaka: bila kelele, bila kujisifu, na bila kumdharau aliyeshindwa. Hatujui kama tutaona matunda. Bwana wetu Yesu Kristu aliwaambia wanafunzi kwamba mmoja hupanda na mwingine huvuna, na watoto wa Ontario wanaotunza mayai darasani wanalifahamu neno hilo kuliko sisi wakubwa.

Parokia yoyote iliyo kando ya ziwa yaweza kuanza bila kungoja fedha kutoka mbali. Wavuvi wazee wanayajua mazalio; waulizwe, waweke alama sehemu mbili au tatu, na watu wote wakubaliane kuziacha. Katika salongo ya Jumamosi, takataka za plastiki ziondolewe kabla hazijafika ziwani, na kutoka ziwani hadi bwawa la umeme la Ruzizi. Katika Chuo cha Ualimu cha Bukavu wako watu wanaochunguza maji na samaki wa ziwa. Waalikwe waje kuwafundisha watoto wetu. Na katika kitubio, mtu akiitafakari Amri ya Saba, asiishie kwenye kuku wa jirani. Ajiulize pia: wiki hii nimenunua nini sokoni, na kilitoka wapi?

Kesho asubuhi tutakuwa tena Kadutu. Ukiona fungu la vifaranga, mwambie mama muuzaji kwa upole kwa nini hulinunui, na ununue fungu la samaki wakubwa kwake yeye huyo huyo, hata kama ni ghali kidogo. Naye ana watoto wa kulisha.