Kalamu ya Pasta ni Pesa Ngapi?

Masomo: Kutoka 31:1–6, Yohana 12:1–8, 1 Timotheo 6:17–19



Kuna swali ambalo wengi wetu tunalo moyoni lakini hatulitoi kanisani. Je, ni halali mtu wa Mungu anunue kitu kizuri cha bei, akifurahie kwa sababu tu ni kizuri? Sisemi vitu vya lazima. Mabati ni lazima, karo ni lazima, dawa ni lazima. Nauliza juu ya kitu ambacho ungekikosa na bado ungeishi salama.

Nimesikia majibu mawili makanisani, na yote mawili yananishinda kumeza. La kwanza linasema mtoto wa Mfalme hashiki vitu hafifu, na kadiri mtumishi anavyong'ara ndivyo upako wake unavyoonekana. La pili linasema utakatifu ni kuvaa kilichochakaa, ukionekana na kitu kizuri watu wanaanza kukuombea. Haya majibu ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanapima moyo wa mtu kwa kuangalia alichoshika mkononi.

Mimi nimeshika kalamu. Mwaka jana nilinunua kalamu ya wino, si biro, ni ile ya kujaza wino kutoka kwenye chupa. Aliitengeneza fundi mmoja hapa Kitale ambaye kazi yake ya kila siku ni kukereza miguu ya vitanda na stuli. Mwili wake wote ni mbao, ya kahawia yenye mistari myeusi. Fundi aliikata kutoka kwenye ubao wa sakafu uliong'olewa katika nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa. Ni ule mti wa Mlima Elgon ambao wauza mbao wanauita Elgon teak. Jina linadanganya kidogo, kwa maana si mteki, ni jamaa ya mzeituni. Nilipojua hivyo nilifungua 1 Wafalme sura ya 6, pale Sulemani anapotengeneza makerubi ya patakatifu pa ndani kwa mti wa mzeituni, nikakaa muda nikiigeuzageuza ile kalamu. (Mtu asitoke hapa akisema kalamu ya pasta ina upako. Ni mbao.)

Ncha ni ya chuma, na fundi aliiagiza kutoka Ujerumani. Katikati ina mpasuo mwembamba kama unywele, na chini yake kuna kipande chenye vijia vidogo. Wino unashuka kwa vijia hivyo, hewa nayo inapanda kuchukua nafasi ya wino. Zisipopishana vizuri, kalamu inakauka au inakumwagia shati. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu yenye mpango wa namna hii mwaka 1884, na mpaka leo kanuni ni ile ile. Biro ilikuja baadaye, na jina lenyewe tumelitoa kwa László Bíró, mtu wa magazeti kutoka Hungaria, aliyepata hataza yake mwaka 1938. Tofauti unaisikia mkononi. Biro unaikandamiza ndipo iandike. Hii unaiweka tu juu ya karatasi na inaanza kuandika. Nikiandaa mahubiri Ijumaa usiku naandika polepole, na nikiandika polepole nafuta kidogo. Kuna pia ile dakika ya kujaza wino, ambayo haina faida yoyote ninayoweza kuitaja, na naipenda.

Sasa bei. Jumapili moja nilikuwa kwenye tawi letu la Bungoma. Baada ya ibada nilikuwa naandika majina ya wagonjwa wa kutembelewa, na mama mmoja aliyesubiri zamu yake akaniuliza, "Pasta, hiyo kalamu ni pesa ngapi?"

"Elfu sita na mia tano, mama."

Alinyamaza akipiga hesabu. "Hayo ni karibu magunia mawili ya mahindi," akasema. Kisha, bila hasira yoyote, "Kijana wangu amerudishwa nyumbani kwa elfu tano."

Nilisomea biashara chuo kikuu, na ningeweza kumjibu kwa lugha hiyo. Ningesema kalamu hii nikiitunza itakaa miaka ishirini, ugawe bei kwa siku, utapata chini ya shilingi moja kwa siku. Hesabu hiyo ni sahihi na ni ya kukwepa. Sikuinunua ili niokoe pesa ya biro. Ningesema pia ni pesa yangu, si ya sadaka, maana siku tatu kwa wiki nafanya vitabu vya hesabu vya duka moja la mbegu na mbolea. Hilo nalo ni kweli, lakini muumini akishasema "ni pesa yangu" bado hajajibu kitu. Tunafundisha kila mwezi kwamba sisi ni mawakili tu.

Basi tuende Bethania. Mariamu anampaka Yesu marhamu ya thamani ya dinari mia tatu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kwa hiyo ondoa Sabato uone: ni karibu mshahara wa mwaka mzima. Yohana anasema aliyelalamika ni Yuda, tena alikuwa mwizi, na hapo sisi wahubiri tunafurahi, tunapita haraka. Lakini soma Mathayo 26. Huko waliolalamika ni wanafunzi. Watu wazuri, waliozoea kuona njaa, waliuliza swali ambalo mtu mzuri huliuliza. Na Yesu alipowakumbusha kwamba maskini watakuwa nao siku zote, alikuwa anagusa Torati, Kumbukumbu 15, mahali ambapo sentensi haiishii hapo: inaendelea na amri ya kumfungulia mkono ndugu yako maskini. Mstari huo haukuandikwa ili utupe ruhusa ya kupita.

Zaidi ya hayo, Mariamu aliimimina yote. Hakuiweka mfukoni mwa shati aende nayo Kitale. Kwa hiyo Bethania hainitetei, na sipendi inapotumiwa kutetea magari.

Kinachonisaidia zaidi ni Bezaleli. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema amejazwa Roho wa Mungu si nabii wala mhubiri. Ni fundi. Alijazwa Roho ili achonge mbao, akate vito, afue dhahabu. Sisi Wapentekoste tunazungumza sana juu ya kujazwa, na sikumbuki tukimwita fundi mbele tukamshukuru Mungu kwa mikono yake. Kama Mungu anamjaza mtu Roho ili atengeneze kitu kizuri, basi lazima pawe na mtu wa kukitazama, kukishika na kusema ni kizuri. Vinginevyo kile kipawa kilikuwa cha nini?

Na lazima pawe na mtu wa kukilipia. Nilimuuliza fundi hesabu yake, tabia ambayo chuo iliniachia. Ncha na vitu vya ndani pamoja na usafirishaji vilimla elfu tatu hivi. Kinachobaki ni siku mbili za kazi, umeme, msasa, na miili miwili iliyopasuka kwenye mashine kabla ya huu wa tatu kukubali. Angalia sasa tunavyoishi. Mkristo anaingia supamaketi, anaona bei, analipa, anasema asante. Mkristo huyo huyo akitoka nje anamkuta fundi au mama wa mboga na anaanza, "Punguza, punguza bwana." Aliye na duka kubwa hatumgusi. Aliye na mikono tu tunamkamua, halafu Jumapili tunaombea vijana wapate kazi. Yakobo 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika masikioni mwa Bwana. Sikuomba kupunguziwa. Wala sikuwa namsaidia fundi, maana yeye haombi msaada. Nilinunua kazi yake kwa thamani yake.

Hata kitu rahisi kina bei ambayo mtu fulani ameilipa. Nikisafiri kati ya Kitale na Bungoma napita Webuye. Waliokulia huku wanakumbuka ile harufu ya kiwanda cha karatasi. Ulikuwa unajua umefika Webuye hata ukiwa umelala kwenye matatu. Kiwanda kilitoa karatasi tangu miaka ya 1970, kikasimama 2009, na mji mzima ukahisi. Daftari la shule lilikuwa la bei ndogo dukani, na nyuma yake kulikuwa na mapafu ya watu, na mishahara ya watu. Sisemi tusinunue vya bei nafuu, nani angebaki? Nasema tu kwamba sarafu ya shilingi ishirini haituondoi kwenye swali la mama yule. Droo yangu ya ofisini ina biro zaidi ya thelathini zilizokauka, na hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya hizo.

Halafu kuna neno lenyewe, kufurahia. Paulo anamwandikia Timotheo awaonye matajiri wasijivune wala wasitumaini mali, na katika sentensi hiyo hiyo anasema Mungu hutupa vitu vyote kwa wingi tuvifurahie. Onyo na furaha viko pamoja, na mstari unaofuata moja kwa moja ni wa kutoa na kushirikiana. Nimejaribu kuikaribia kalamu hii kwa mistari hiyo. Watoto wa shule ya Jumapili wanaruhusiwa kuandika majina yao nayo, na mmoja ameshaiangusha. Siitoi ili ionekane, ingawa hapa sina uhakika kamili na nafsi yangu. Mfuko wa shati uko mbele, hauko nyuma. Na fundi ameniuliza kama nataka ya pili, ya mvule. Nilikataa. Moja naandika nayo. Mbili ningeanza kuzihesabu.

Mengi ya haya nilimwambia mama yule alasiri ile ile, tukinywa chai nyuma ya kanisa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaishika kalamu, akaipima uzito, akanirudishia.

"Nimekuelewa, Pasta," akasema. "Kazi ya mikono ni nzuri, hata mimi nasuka vikapu, na watu wananipunguzia mpaka nalia. Lakini kijana bado ako nyumbani."

Jumanne kamati ya misaada ilikaa. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, na changu hakikufika bei ya kalamu. Elfu tano zilitimia. Mweka hazina aliniletea vocha nitie sahihi, nikatoa ile kalamu mfukoni, nikasubiri wino ukauke kabla sijafunga kitabu. Alhamisi kijana alirudi shuleni.