Je, Kuficha Ujumbe ni Kusema Uongo?

Mwaka 1983 Gustavus Simmons alitoa mfano wa wafungwa wawili. Mlinzi anawaruhusu kuandikiana kwa sharti kwamba asome kila barua. Wanakubali, kisha wanapenyeza mpango wa kutoroka ndani ya maneno yaleyale anayoyasoma. Je, wamemdanganya?

Swali hili limo katika mitandao tunayoitumia kila siku. Kila pakiti ya itifaki ya intaneti, toleo la 4, hubeba namba ya utambulisho yenye biti 16, ambayo kazi yake ni kusaidia kuunganisha vipande vya pakiti iliyogawanywa njiani. Mwaka 1997 Craig Rowland alionyesha kwamba mtu anaweza kuweka herufi ya siri mahali pa namba hiyo. Mlinzi wa mtandao huona namba tu, akaipitisha.

Wapo wasemao kwamba jambo hili halitofautiani na usimbaji fiche. Sikubaliani nao. Barua iliyofungwa kwa lakiri humwambia mlinzi waziwazi, "Hapa pana siri, nami nakunyima." Naye anaweza kuikataa. Njia iliyofichwa humwambia, "Hapa hapana siri." Huo ni uongo, hata kama haukutamkwa.

Lakini je, kila mlinzi anastahili kuambiwa ukweli? Tuwafikirie watu wawili. Wa kwanza ni mwandishi wa habari anayetuma taarifa za mauaji kutoka nchi ambako ujumbe uliosimbwa tu unatosha kumtia mtu kizuizini. Wa pili ni karani wa hospitali anayetorosha majina ya wagonjwa. Biti ni zilezile 16. Ila mwandishi anamdanganya mlinzi wa wauaji, na karani anamdanganya mlinzi wa wagonjwa.

Kwa hiyo naona uongo huu unahitaji kutetewa, na kipimo chake ni hiki: aliyeficha aweze kusimama mbele ya wanaoguswa na siri hiyo, siku hatari itakapopita, aeleze alichofanya. Mwandishi ataweza mbele ya wafiwa. Karani hataweza mbele ya mgonjwa.

Mtu atauliza, kwa nini tusizibe njia zote? Tangu mwaka 1973 Butler Lampson alionyesha kwamba programu iliyofungiwa inaweza kuvujisha habari hata kwa kuongeza na kupunguza kazi inayoipa kompyuta. Wahenga walisema penye nia pana njia. Kama njia hazizibiki zote, basi tuanze kuichunga nia.