Kinyozi na Kichwa cha Yatima

Waarabu humsema kinyozi anayejifunza kunyoa kwenye vichwa vya mayatima. Yatima hana wa kumsemea. Hapa Marekani, mwanafunzi anayekwenda kituo cha ushauri nasaha cha chuo kikuu chake mara nyingi hupokewa na mwanafunzi mwenzake, yule wa shahada ya uzamili au uzamivu aliye katika mafunzo ya vitendo. Je, ni haki uchungu wa mtu uwe daftari la kujifunzia la mwingine?

Wenye kazi hiyo hujibu kwamba mwanagenzi lazima ajitambulishe kuwa mwanagenzi, aombe ruhusa kabla ya kurekodi kikao, na msimamizi mwenye leseni ndiye anayebeba dhamana. Sawa. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba asipomkubali huyu atangoje wiki kadhaa, ridhaa yake ni ridhaa ya namna gani?

Kisha kuna suala la muda. Vituo vingi huweka kikomo cha vikao, na mwanagenzi naye huondoka mwaka wa masomo ukiisha. Daktari James Mann wa Boston, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alitetea vikao 12 tu, na tarehe ya mwisho itajwe tangu mwanzo, kwani kuagana nako ni sehemu ya tiba. Hoja hiyo naiheshimu, ila inasimama pale tu tarehe ilipotajwa. Kituo kinachokata vikao kwa sababu foleni ni ndefu kiseme hivyo waziwazi, kisijifiche nyuma ya nadharia.

Sisi wageni ndio tunaopunjika zaidi. Chukua kijana wa Mombasa aliyepewa vikao 6. Viwili vya kwanza vinaishia kueleza kwa nini ami yake anayemlipia ada ana kauli juu ya masomo yake, na kwa nini kumwambia "hayo ni maisha yako" hakumsaidii kitu. Hapo nani anamfundisha nani? Na mwalimu huyu halipwi. Analipa yeye, kwa dakika zake.

Simlaumu mwanagenzi. Kila tabibu hodari aliwahi kuwa na mgonjwa wa kwanza. Dai langu liko kwa wasimamizi: wamfunze, kabla hajaingia chumbani, kuuliza "Kwenu jambo hili huamuliwa na nani?" na kulisubiri jibu. Na kikao cha kueleza ukoo kisihesabiwe katika vile 6.